Sura ya Saba: Mbona Tasbihi Hukatika?

Aghalabu swali hili huja baada ya Alasiri, watu wakiwa bado wamekaa barazani mwa msikiti, na muulizaji amekwisha kuzifunga kitambaani punje zake zilizotapanyika: tasbihi niliinunua nzuri, ya mti mzito, sikuiangusha wala sikuivuta kwa nguvu, na mwaka haukutimia ikanikatikia mkononi, je, mti ndio mbaya, uzi ndio mbaya, au ni mkono wangu? Nimelisikia Likoni, nimelisikia Kisauni, na mara nyingi hufuatwa na swali la pili ambalo muulizaji hudhani ndilo jawabu la la kwanza, nalo ni mafuta gani yafaayo kuipaka.

Jawabu langu, ambalo sura hii nzima ni ufafanuzi wake, ni kwamba mti aghalabu hauna kosa. Uzi ndio uliokwisha, na haukumalizwa na mkono uliouvuta bali na ukingo wa tundu uliokuwa ukiukwangua tangu siku ya kwanza. Na tukija kwenye mti wenyewe, pale unapoharibika kweli, mara nyingi mharibifu ni yule yule aliyekusudia kuutunza, kwa mafuta yasiyo na kipimo, kwa atari, na kwa jua la uani.

Tasbihi na jamaa zake

Tasbihi, kwa asiyeizoea, ni punje zilizotungwa uzini kwa ajili ya kuhesabia dhikri, yaani maneno ya kumtaja Mwenyezi Mungu yanayokaririwa kwa idadi maalumu. Iliyo ya kawaida ina punje 33 au 99, kwa sababu Mwislamu baada ya sala husema Subhanallah mara 33, Alhamdulillahi mara 33 na Allahu Akbar mara 33, kisha huikamilisha mia kwa kalima ya tauhidi. Ile ya 99 imegawanywa mafungu matatu ya 33, ile ndogo mafungu matatu ya 11, na baina ya fungu na fungu pana punje bapa, ambayo humu nitaiita mpaka, ili kidole kijue kilipofika bila ya jicho kutazama. Mahali ncha mbili za uzi zinapokutana pana punje ndefu iliyosimama, nitakayoiita kichwa, na chini yake kishada cha nyuzi. Mipaka na kichwa haviingii katika hesabu.

Wako wanaouliza kama chombo hiki kinafaa hata kutumiwa, maadamu vidole vipo na kuhesabu kwa vidole ndiko kulikopokewa kutoka kwa Mtume. Ni mjadala wa kale, na Imamu Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, aliuandikia risala nzima akiitetea tasbihi. Mimi si mtu wa kutoa fatwa; aliye na shaka na amwendee shekhe wake, na aliyekwisha kuamua kuvuta uradi kwa punje za mti na aendelee kusoma.

Yasemwayo humu yanaifaa vile vile rozari ya mti, ambayo Mkatoliki wa Changamwe huisali kwa punje 59, na mala ya Wahindu yenye punje 108. Rozari nyingi zimeungwa kwa waya au mkufu badala ya uzi, kwa hiyo mwenye rozari ya namna hiyo anaweza kuliruka fungu la uzi na kwenda moja kwa moja kwenye habari za mti.

Mti na hewa ya pwani

Mti, hata ukiwa umekatwa miaka hamsini iliyopita, huendelea kunywa na kutema unyevu wa hewa. Wakati wa kaskazi, jua la Februari linapokausha hata kamba za kuanikia nguo, punje husinyaa kidogo. Ifikapo masika, na hasa Mei, ambao ndio mwezi wa mvua nyingi katika Mombasa, huvimba tena. Lakini mti hausinyai wala hauvimbi sawasawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi zake, yaani ile mistari inayopanda toka shinani hadi kileleni, karibu haubadiliki kabisa. Kwa upana hubadilika, na kufuata duara za umri wake hubadilika takriban maradufu kuliko toka kiini kwenda gandani. Ndiyo maana punje iliyokerezwa ikawa mviringo kamili hukutwa baadaye imebonyea upande mmoja, na mwenyewe akadhani alidanganywa dukani.

Jambo hili dogo lina athari ambayo wachache huifikiri. Chukua tasbihi ya punje 33, kila punje ikiwa na upana wa milimita 10, na matundu yake yametobolewa kukingama nyuzi za mti. Ikiwa kila punje imevimba kwa sehemu moja tu katika mia, safu nzima imeongezeka zaidi ya milimita 3, ilhali uzi ni ule ule. Tasbihi iliyotungwa kwa kubanwa katika ukavu wa Madina, ikaletwa na haji mpaka Mtongwe na kulala sandukuni masika yote, hufika mwezi wa Juni ikiwa imekakamaa kama upinde uliovutwa, na haja yake ni kushikwa mara moja tu ikatike.

Tukiitazama miti yenyewe, mpingo ndio wenye heshima, nao una sifa inayomwezesha mnunuzi kujikinga: kiini chake ni kizito kuliko maji, hata punje moja ikitiwa gilasini huzama. Iliyoelea si kiini cha mpingo, hata iwe nyeusi kiasi gani. Aghalabu ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu, na kitambaa chenye mafuta kidogo kitaithibitisha habari hiyo kwa doa jeusi. Msandali hupendwa kwa harufu yake, lakini serikali ya Kenya iliupiga marufuku ukataji wa msandali wa mwituni kwa mbiu ya Rais ya mwaka 2007, na nyingi katika tasbihi ziitwazo za msandali ni mti wa kawaida uliorowekwa marashi, ambao harufu yake hukoma baada ya majuma machache. Mzeituni, ambao rozari nyingi za Bethlehemu hutengenezwa kwao, ni mti laini wa kushika na wenye mishipa mizuri. Kifuu cha nazi si mti kwa hakika, ila huuzwa pamoja nao. Ni kigumu, hakisumbuliwi na wadudu, lakini ukingo wa tundu lake ni mkali kuliko wa mti wowote na huhitaji kusuguliwa sana kabla ya kutungwa.

Na kwa sababu tuko pwani ya bara hili, siwezi kupita bila ya kuutaja mwarobaini. Pale Changamwe kipo chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoasisiwa mwaka 1963, na sanaa yao husimuliwa kuwa ilianzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Miaka mingi walichonga mpingo na mhugu, mpaka miti hiyo ikawa haba na ya mbali, na wengi wakageukia mwarobaini na mwembe, miti inayoota nyuma ya nyumba. Kazi yao ni wanyama, vinyago na sahani, si tasbihi. Lakini punje ya mwarobaini ninaipendekeza kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa kiini chake ni chungu na wadudu hukikimbia, bei yake ni ya mtu wa kawaida, na wekundu wake huzidi kupendeza kadiri unavyoshikwa. Sioni kwa nini tuagize ng'ambo kitu ambacho jirani anakikata apate kivuli kidogo na mwanga zaidi.

Uzi hufa kwa namna gani

Itoe punje moja katika tasbihi iliyokatika, isogeze dirishani na uchungulie tundu lake pande zote mbili. Upande mmoja utauona mdomo wa tundu ni safi, kama uliochorwa. Huko ndiko keekee ilikoingilia. Upande wa pili, ilikochomoza, mti umebenuka na kuacha vijimeno ambavyo jicho huvipita lakini ncha ya sindano ikivutwa hapo hukwama. Sasa uangalie uzi. Hutauona umechakaa sawasawa, bali una manyoya kwa vituo, na vituo hivyo ni pale ulipolala baina ya punje na punje, mdomoni mwa tundu. Mara mia kwa siku, kila punje inapoteremshwa kwa kidole gumba, vijimeno hivyo huukwaruza uzi mahali pale pale.

Jasho huja kumaliza kazi. Mkono wa mtu aliyesimama katika msongamano wa feri ya Likoni saa moja ya asubuhi una chumvi na mafuta ya kutosha, na vumbi la barabarani hushika juu yake. Mchanganyiko huo huingia matunduni, hugeuka kitu cheusi chenye chembechembe, nao ni msasa.

Nyuzi si sawa. Wa pamba huoza kwa jasho. Wa hariri huteleza vizuri na huipa tasbihi ulaini usio na kifani, lakini haupendi maji wala chumvi, kwa hiyo ni wa tasbihi ya nyumbani, si ya kutembea nayo. Mshipi wa wavuvi, ambao wengi wa watu wa Mtongwe huukimbilia kwa kuwa upo nyumbani, hauoti manyoya, ila ni mkavu, hukumbuka duara la kibao ulichokunjiwa, na fundo lake hufunguka lenyewe polepole. Ulio bora kwa matumizi ya kila siku ni ule uzi wa nailoni uliosokotwa wa mshona viatu, ukivutwa mara mbili tatu juu ya kipande cha nta ya nyuki. Nta huyalaza manyoya yake, huzuia jasho, na hulishika fundo.

Usingoje ukatike. Itazame sehemu ya uzi iliyo wazi karibu na kichwa: ikiwa imekuwa nyeusi, ina manyoya, au nafasi iliyokuwa ya punje moja imekuwa ya punje tatu, uzi umekwisha. Mwenye kuivuta tasbihi yake kila baada ya sala na aibadilishie uzi kila mwaka, na mimi huona Shaabani ndio mwezi wake, ili Ramadhani isimkute akitambaa chini ya jamvi kutafuta punje.

Uharibifu wa nia njema

Nirudi sasa kwenye mafuta. Mti mzito uliokerezwa vizuri, kama mpingo, haukuwa na njaa ya mafuta siku uliponunuliwa, na mkono wako unaupa kidogo kila siku. Mwenye kuirowesha tasbihi yake katika mafuta ya nazi usiku kucha, akaiona asubuhi inang'aa, hajui kwamba mafuta hayo hayakauki. Hubaki ndani, hushika vumbi, hulegeza uzi, na mwishowe huchacha yakatoa harufu ambayo watu hutafuta kuifunika kwa atari. Nayo atari, ikiwa imechanganywa na spiriti, huyeyusha vanishi na kuifanya punje inate. Anayetaka harufu na aitie atari kishadani, tone moja, hapo haidhuru kitu.

Ikiwa mti umekauka kweli, ukawa mweupe-mweupe na mkwaruzo mkononi, tone moja la mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yauzwayo maduka ya rangi, likisuguliwa kwa kitambaa katika punje kumi kisha likafutwa kabisa, latosha. Mafuta hayo hukauka yakawa ngozi nyembamba. Lakini hadhari: kitambaa kilichofyonza mafuta ya kitani kisikunjwe na kutupwa kapuni, kwa maana huzalisha joto chenyewe na huweza kushika moto. Kitandazwe uwanjani hadi kikauke.

Jua ni adui wa pili. Tasbihi inayoning'inia kwenye kioo cha matatu, toka Mwembe Tayari mpaka Bamburi na kurudi, siku nzima, huliwa na jua katika rangi, na nailoni yake huwa dhaifu hata ikivutwa hukatika kama mkonge mbovu. Kadhalika ile iliyosahauliwa katika mfuko wa kanzu ikafuliwa: mwenyewe huianika juani kwa haraka, na hapo ndipo inapopasuka, kwa sababu nje imekauka na kusinyaa ilhali ndani bado imevimba. Iliyorowa ikatwe uzi, punje zifutwe, zitandazwe juu ya kitambaa kikavu chumbani, penye hewa na pasipo jua, zigeuzwe kila siku mpaka siku nne au tano zipite. Wala zisiwekwe karibu na jiko la makaa.

Kwa ufupi, utunzaji wa kila wiki ni huu: kitambaa kikavu, kisha kilichorowa kidogo na kukamuliwa sana palipo na uchafu, kisha kikavu tena. Sabuni si yake. Usiishike kwa vidole vyenye haluwa. Ukifukiza udi chumbani, acha iwe mbali na chetezo, kwa kuwa moshi wa udi una ulimbo unaoganda juu ya mti.

Kuitunga upya

Kazi hii haihitaji fundi. Yahitaji sinia lenye ukingo, ili punje zisikimbie, saa moja ya mchana yenye mwanga, na subira.

1. Kabla ya kuukata uzi wa zamani, hesabu na uandike: punje ngapi, mpaka uko baada ya ngapi, kichwa kimeelekea wapi. Ikiwa punje si sawa kwa ukubwa, zipange siniani kwa taratibu ile ile zilivyokuwa.
2. Safisha kila tundu kwa uzi mnene mkavu unaopitishwa mara kadhaa. Kisha sokota kipande chembamba cha msasa laini, kiingize mdomoni, kizungushe mara tatu au nne, pande zote mbili. Hapa ndipo umri wa uzi mpya unapoamuliwa, na hapa ndipo wengi hufanya pupa.
3. Kata uzi wenye urefu wa mara mbili na nusu ya mzunguko wa tasbihi, uvute juu ya nta, na uikaushe ncha yake kwa tone la gundi ili iingie bila ya sindano.
4. Tunga ukihesabu kwa sauti, ukiweka mipaka mahali pake. Anayehesabu kimoyomoyo huku akizungumza na wageni huishia na fungu la 34.
5. Pitisha ncha zote mbili ndani ya kichwa. Kabla ya kufunga, acha nafasi ya upana wa punje moja na nusu kwa ile ya 33, na punje tatu kwa ile ya 99. Nafasi hii ndiyo itakayopokea uvimbe wa masika, na ndiyo inayoiwezesha punje kuteremka.
6. Funga fundo mara mbili chini ya kichwa, weka tone la gundi juu ya fundo, na nailoni uichome ncha kwa kibiriti ukiwa umeiweka mbali na mti. Kishada hufungwa mwisho.

Iliyopasuka, iliyobunguliwa, iliyopotea

Ufa mwembamba usiofika tunduni hujazwa kwa unga wa mti ule ule, uliopatikana kwa kusugua kipande chake kwa msasa, ukashindiliwa ndani kisha ukatiwa tone la supaglu na kusuguliwa ulipokauka. Punje itolewe uzini kwanza. Nimeona tasbihi zilizotiwa gundi zikiwa zimetungwa, gundi ikateleza mpaka tunduni na kuzigandisha punje tano kuwa kitu kimoja. Ufa uliopita tunduni pande mbili hauna dawa ya kudumu, badilisha punje.

Vitundu vidogo kama vya pini vyenye unga laini ni kazi ya dumuzi, mdudu abunguaye mti, naye hupenda sehemu nyeupe iliyo chini ya gamba, yenye wanga. Zitoe punje uzini, ziweke katika chombo chenye mfuniko usiopitisha hewa, ukiweke ndani ya friza kwa wiki mbili, na ukikitoa usikifungue mpaka kiwe na joto la chumbani, ama sivyo umande utazirowesha punje zako. Petroli na dawa ya mende visitumike kwa kitu ambacho mtu hukishika kisha akala.

Punje iliyopotea huwatia watu simanzi kuliko inavyostahiki. Wako wanaoitupa tasbihi nzima, na wako wanaoendelea na 32 wakiongeza moja kwa kidole, jambo ambalo halina ila. Njia ninayoipenda ni kuweka punje ya mti mwingine, mwarobaini kati ya mpingo mathalan, bila ya kuipaka rangi ya kuificha. Kidole hakijali, na jicho huizoea kabla ya mwezi kwisha.

Ukimpelekea fundi

Wazee wenye macho mazito na mikono inayotetemeka wana haki ya kumpelekea mwingine, awe mshona viatu wa Kongowea au mchongaji wa Changamwe. Mhesabie punje mbele yake, naye azihesabu mbele yako, kabla ya bei kutajwa. Mwambie uzi gani unaoutaka, na ikiwezekana mpelekee mwenyewe, uliokwisha kupakwa nta. Vijana wa kazi hii ni waungwana, lakini wana ada ya kubana sana, kwa kuwa tasbihi iliyobanwa huonekana nadhifu inapokabidhiwa. Kwa hiyo Bi mkubwa akisema, “Mwanangu, usinikazie, niachie nafasi ya kidole,” na fundi akajibu, “Haya mama, lakini itaning'inia,” Bi mkubwa na asimame pale pale kwenye neno lake. Akipokea, aiteremshe punje moja moja toka kichwani hadi kichwani, fungu kwa fungu, na ile itakayokwama arudishiwe fundi papo hapo, kabla ya kulipa.